Ukoka, Bomba na Bili: Historia ya Maji ya Kaya na Bustani za Nyasi katika Kilosa na Mikumi

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya maji yaliyotumika kumwagilia bustani za nyasi katika mji wa Kilosa na mji mdogo wa Mikumi, mkoani Morogoro, tangu kufika kwa reli hadi enzi ya mita. Hoja yake ni kwamba ukoka haukuhitaji maji ya bomba ili uishi, bali uliyahitaji ili ubaki kijani wakati wa kiangazi. Rangi hiyo ilidumu pale tu ambapo gharama ya maji ilibebwa na mtu asiyekuwa mwenye nyumba: kwanza mwajiri wa kikoloni, kisha hazina ya taifa, na hatimaye mgeni wa hoteli. Gharama ilipomrudia mwenye nyumba, bustani ilikosa mtetezi.

1. Utangulizi

Historia ya maji nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kama historia ya upungufu: kisima kilicho mbali, bomba lililokauka, mwanamke mwenye ndoo kichwani. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaacha upande mmoja gizani. Katika mji huohuo ambamo kaya moja ilihesabu ndoo, kaya nyingine ilifungulia mpira wa maji juu ya nyasi zisizoliwa na mtu wala mfugo. Historia ya upungufu haiwezi kukamilika bila historia ya matumizi hayo ya ziada, kwa kuwa yote mawili yalitoka katika chanzo kimoja.

Kilosa na Mikumi zinafaa kwa uchunguzi wa namna hiyo kwa sababu tatu. Kwanza, zimo katika bonde lenye maji mengi kwa msimu. Mto Mkondoa hushuka kutoka milimani, hupita kando ya mji wa Kilosa, na maji yake huingia katika nyanda za Mkata na kuendelea kuwa Mto Wami. Pili, mvua za eneo hili hunyesha kwa sehemu kubwa kati ya Novemba na Mei, na kuacha kiangazi cha takriban miezi mitano. Tatu, miji hii miwili ilizaliwa na njia mbili tofauti: Kilosa ilikuzwa na reli, Mikumi ikakuzwa na barabara kuu. Kila njia ilileta aina yake ya wakazi, ya nyumba na ya nyasi.

2. Nyasi kabla ya bomba

Katika makazi ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, kama ilivyokuwa katika sehemu kubwa ya Tanzania Bara, uwanja wa nyumba haukuwa mahali pa nyasi. Uwanja ulifagiliwa hadi udongo ukang'aa. Desturi hiyo ilikuwa na sababu zake. Uwanja mweupe haumfichi nyoka, haupitishi moto wa mbugani hadi kwenye paa la nyasi, na hufaa kwa kuanika nafaka, kwa mazungumzo ya jioni na kwa michezo ya watoto. Ufagio wa asubuhi ulikuwa kipimo cha utunzaji wa nyumba, na haukuhitaji tone la maji zaidi ya lile la kutuliza vumbi.

Nyasi zilikuwa na mahali pake pengine. Zilikuwa juu ya paa, zilikuwa malisho ya mifugo, na shambani zilikuwa adui wa jembe. Ukoka wenyewe ulijulikana vyema kwa wakulima kama gugu gumu, lenye mizizi na vikonyo vinavyotambaa na kuchipua upya baada ya kung'olewa. Hapa pana jambo lenye uzito kwa hoja nzima. Nyasi za jamii ya Cynodon, ambazo wazungumzaji wengi wa Kiswahili huziita ukoka, zimo miongoni mwa nyasi za asili za Afrika Mashariki. Hustahimili kiangazi kwa kulala: majani hukauka na kuwa ya kahawia, huku mizizi na vikonyo vikisubiri mvua. Mvua za kwanza zinaponyesha, nyasi hurudi. Kwa hiyo bustani ya nyasi iliyokuja kuonekana ni kitu cha kigeni haikuwa ngeni kwa mmea wake. Kilichokuwa kigeni ni dai kwamba nyasi hizo zisibadilike rangi mwezi Agosti.

3. Reli, boma na Uzunguni

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, ukapitia Kilosa na kufika Tabora mwaka 1912, kisha Kigoma mwaka 1914. Kwa Kilosa, reli ilikuwa zaidi ya chombo cha usafiri. Injini za mvuke zilihitaji maji mara kwa mara njiani, na kwa sababu hiyo reli ililazimika kuwa mamlaka ya maji kabla ya kuwapo kwa mamlaka yoyote ya maji. Palipokuwa na stesheni kubwa palihitajika chanzo cha kutegemewa, tenki lililoinuliwa na bomba. Maji yaliyoinuliwa kwa ajili ya injini yalikuwa tayari kushuka hadi kwenye nyumba za watumishi wa reli.

Baada ya Waingereza kushika utawala wa Tanganyika kufuatia Vita Kuu ya Kwanza, mgawanyo wa makazi kwa rangi uliendelea kuonekana katika ramani za miji. Palikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mgawanyo huo ulikuwa pia mgawanyo wa ukubwa wa viwanja na wa maji. Uzunguni nyumba ziliachiana nafasi kubwa, na nafasi hiyo ilipaswa kuwa na sura fulani. Katika fikra za kiafya za wakati huo, majani yaliyokatwa mafupi yalikuwa ishara ya mazingira yasiyo na mazalia ya mbu. Katika fikra za kijamii, yalikuwa ishara ya Uingereza. Mazao ya mkonge na pamba yaliifanya Kilosa kuwa wilaya ya mashamba makubwa, na nyumba za mameneja huko mashambani nazo zilifuata mtindo wa bustani iliyozunguka baraza.

Nyumba ya aina hiyo haikuwa mali ya aliyeishi ndani yake. Ilikuja pamoja na kazi, na maji yalikuja pamoja na nyumba. Hata mikono iliyomwagilia ilikuwa ya mwingine. Mtunza bustani aliyebeba debe au kuvuta mpira wa maji alilipwa mshahara mdogo, na jioni alirudi mahali ambapo maji ya nyumbani kwake yalichotwa kwa kichwa. Kwa mtu huyo tofauti kati ya maji ya kunywa na maji ya kupendezesha macho haikuwa nadharia. Aliivuka kila siku akiwa na chombo kilekile mkononi.

Bustani ya nyasi ya enzi hii ilitegemea basi mambo matatu kwa pamoja: maji yaliyoletwa kwa ajili ya kazi nyingine, nyumba ya mwajiri, na kazi ya bei nafuu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililopimwa kwa mita kwenye kizingiti cha nyumba.

4. Maji ya bure na urithi wa Uzunguni, 1961–1991

Uhuru ulibadilisha wakazi wa Uzunguni kabla ya kubadilisha Uzunguni yenyewe. Ofisa wa Kitanzania aliingia katika nyumba iliyoachwa na ofisa wa Kiingereza, akarithi baraza, mti wa kivuli na nyasi zake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililaani unyonyaji na kuwawekea viongozi masharti ya uadilifu, lakini halikuwa na la kusema kuhusu bustani. Katika mashamba ya mkonge, utaifishaji wa mwaka huohuo, ukiambatana na kushuka kwa bei ya mkonge katika soko la dunia, ulifungua kipindi cha kudorora. Nyumba nyingi za mameneja zilikosa watunzaji, na nyasi zikarudi kuwa nyasi.

Katika sera ya maji, mwelekeo wa taifa ulikuwa mwingine kabisa. Mwaka 1971 serikali ilianzisha programu ya miaka 20 ya maji vijijini iliyolenga kumfikishia kila mwananchi maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo mwaka 1991. Maji ya vijijini yalitolewa bila malipo. Mijini ada zilikuwapo, lakini hazikulingana na gharama ya kusukuma maji, na mara nyingi hazikutokana na kipimo cha matumizi halisi. Aliyekuwa na bomba ndani ya uwanja alipata ruzuku kwa kila lita aliyoifungulia, na aliyefungulia nyingi zaidi ndiye aliyepata ruzuku kubwa zaidi. Sera iliyobuniwa kwa nia ya usawa iliacha mlango huo wazi.

Ushahidi mzuri wa hali hiyo katika Afrika Mashariki ni utafiti wa Gilbert White, David Bradley na Anne White, uliofanywa katika vituo 34 vya Kenya, Tanzania na Uganda katika miaka ya 1960 na kuchapishwa mwaka 1972 kwa jina Drawers of Water. Utafiti huo haukuishia kujumlisha maji ya nyumbani. Uliyagawa kwa makundi: ya kunywa na kupikia, ya usafi, na ya starehe, yakiwamo kumwagilia nyasi na kuosha magari. Kaya zenye bomba zilitumia wastani wa takriban lita 128 kwa mtu kwa siku. Kaya zisizo na bomba zilitumia takriban lita 11. Utafiti uliporudiwa miaka 30 baadaye, wastani wa kaya zenye bomba ulikuwa umeshuka hadi takriban lita 66, na ule wa kaya zisizo na bomba umepanda hadi takriban lita 20. Pengo lilipungua, lakini upande wa juu lilipungua kwa sababu mabomba yalichakaa na miji ikafurika watu, si kwa sababu mtu yeyote aliamua kugawana.

5. Hesabu ya bustani moja

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka bustani ipigiwe hesabu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyasi zinazotakiwa kubaki kijani katika kiangazi cha nchi za joto huhitaji, kwa makadirio ya wastani, milimita nne kwa siku. Bustani ndogo ya mita za mraba 100, yaani mita 10 kwa 10, itahitaji lita 400 kwa siku, au madumu 20 ya lita 20. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni siku 153. Katika muda huo bustani hiyo itakunywa lita 61,200, sawa na yuniti 61 za mita ya maji, au madumu 3,060.

Kaya ya watu sita isiyo na bomba, ikitumia lita 20 kwa mtu, huhitaji lita 120 kwa siku. Bustani moja ndogo inakunywa basi maji ya kaya tatu na zaidi, na inayanywa katika miezi ileile ambayo vijito vimepungua na foleni za kuchota zimerefuka. Wakati wa masika, maji yanapokuwa tele, bustani haiombi kitu. Mahitaji yake na uhaba wa jirani huja pamoja.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini tatizo hili lilikaa bila kuonekana. Madumu 3,060 yakibebwa kichwani yangeonekana na kijiji kizima. Yakipita ndani ya bomba chini ya ardhi, hakuna ayaonaye.

6. Mita yafika kwenye kizingiti

Sera ya Maji ya mwaka 1991 ilifungua njia ya wananchi kuchangia gharama. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilikwenda mbele zaidi kwa kuyatambua maji kuwa pia bidhaa yenye thamani ya kiuchumi, huku ikihifadhi lengo la kituo kimoja kwa watu 250 ndani ya mita 400. Sheria mbili za mwaka 2009, moja ya usimamizi wa rasilimali za maji na nyingine ya huduma za maji na usafi wa mazingira, ziliipa sera hiyo nguvu ya kisheria. Bei zikawa zinaidhinishwa na EWURA. Kilosa ilikuwa na mamlaka yake ya maji kama makao makuu ya wilaya, na Mikumi ikawa na yake kama mji mdogo.

Katika kipindi hichohicho, kuanzia mwaka 2002, serikali iliwauzia watumishi wake nyumba nyingi zilizokuwa mali ya umma. Kwa historia ya bustani, mabadiliko haya mawili yana maana moja. Kwa mara ya kwanza mwenye nyumba, mwenye bili na mwenye nyasi walikuwa mtu mmoja. Uwanja ambao jana ulikuwa mapambo ya cheo, leo ulikuwa ardhi yenye bei na maji yenye bili. Katika miji mingi ya Tanzania matokeo yanaonekana kwa macho: vyumba vya kupangisha na fremu za maduka mahali palipokuwa na nyasi, kokoto au matofali ya saruji mbele ya nyumba, na migomba au mchicha nyuma yake, vikinyweshwa maji yaliyokwisha kufulia. Hakuna amri iliyokataza ukoka. Ulihukumiwa na karatasi ya mwisho wa mwezi.

Hata hivyo, kuufurahia mwisho huo bila masharti kungekuwa kosa la kihistoria. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaifurika Kilosa, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kuharibu njia ya reli. Mji unaoishi chini ya milima yenye mmomonyoko una haja ya udongo ulioshikwa na mizizi. Uwanja uliofunikwa kwa saruji humwaga mvua yote barabarani. Uwanja wa ukoka huinywa sehemu yake. Faida hiyo ya nyasi, lakini, ni ya msimu wa mvua, na haihitaji mpira wa maji. Ukoka wa kahawia wa Agosti una mizizi ileile itakayoshika udongo wa Desemba. Aliyeacha kumwagilia hakulazimika kung'oa.

7. Mikumi: nyasi za barabarani

Wakati bustani za Kilosa zikipungua kadiri wenye nyumba walivyoanza kubeba bili, Mikumi ilikuwa inafuata njia nyingine. Jina la mahali lenyewe latokana na mikumi, mitende mirefu ya nyanda hizo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa hupita katikati yake, na mji mdogo ukakua mahali njia ya Kidatu na Ifakara inapoachana na barabara hiyo. Madereva wa malori walihitaji chakula na malazi. Baadaye watalii walihitaji pa kulala karibu na wanyama.

Kwa mwenye nyumba ya wageni, nyasi za kijani ni sehemu ya bidhaa. Mgeni aliyetoka kwenye vumbi la mbuga hulipia kivuli, ukimya na uwanja laini mbele ya chumba chake, na bili ya maji huingia katika bei ya kitanda. Hapa muundo wa zamani unarudi katika vazi jipya: anayemwagilia si anayelipa, na anayelipa haoni anacholipia. Tofauti iliyopo ni kwamba mgeni analipa kwa hiari, na mamlaka ya maji inaweza kumtoza mfanyabiashara bei ya biashara.

Kinyume chake kipo umbali mfupi tu. Nyasi za Mkata ndani ya hifadhi hazimwagiliwi na mtu. Hukauka, huungua, na huchipua, na nyumbu, pundamilia na nyati hufuata mzunguko huo. Mtalii husafiri mbali ili azione nyasi za kahawia zikiwa na uhai ndani yake, kisha hurudi jioni kwenye nyasi zilizozuiwa kukauka.

8. Nyasi za nani, maji ya nani

Bustani ni jambo dogo likitazamwa peke yake. Halibaki dogo likiwekwa ndani ya historia ya wilaya. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, mgogoro kati ya wakulima na wafugaji uliishia kwa mauaji ya watu 38. Mzozo ulihusu ardhi, malisho na maji. Bustani hazikuwa chanzo cha msiba huo, na insha hii haidai hivyo. Inachosisitiza ni kwamba katika wilaya ambamo nyasi na maji vilikuwa na uzito wa uhai na kifo, baadhi ya nyasi na baadhi ya maji viliondolewa katika mjadala huo kimyakimya kwa kuitwa vya nyumbani.

Jina hilo ndilo kiini cha tatizo. Katika orodha za bei, yote yapitayo kwenye mita ya kaya huhesabiwa kuwa matumizi ya nyumbani. Maji ya uji wa mtoto na maji ya ukoka yanaandikwa katika safu moja. Maji ya nyumbani hupewa heshima ya kwanza katika sera, na ni haki yawe hivyo. Lakini heshima iliyokusudiwa kwa uji imekuwa ikiukinga na ukoka. Mgawanyo uliofanywa na watafiti wa miaka ya 1960, wa kutenga maji ya starehe na maji ya uhai, haukuingia katika vitabu vya mamlaka za maji.

9. Hitimisho

Karne moja ya nyasi katika Kilosa na Mikumi inaonyesha kwamba rangi ya bustani haikuamuliwa na mvua, wala na aina ya mmea, wala na wingi wa maji ya Mkondoa. Iliamuliwa na swali la nani alilipa. Reli na boma vililipa, nyasi zikawa kijani. Taifa lililipa bila kujua, zikaendelea kuwa kijani. Mwenye nyumba alipoanza kulipa, alitazama madumu yake na kuacha rangi iende na msimu. Pale mgeni alipolipa, rangi ilirudi.

Mafunzo mawili yanafuata. Kwa utafiti, takwimu za maji ya kaya zinazojumlisha bila kugawa haziwezi kueleza usawa wala upungufu. Mji unaweza kuwa na wastani mzuri na foleni ndefu kwa wakati mmoja. Kwa sera, hakuna haja ya kupiga vita nyasi. Bei inayopanda kadiri matumizi ya kiangazi yanavyopita mahitaji ya uhai, na matumizi ya maji yaliyokwisha kutumika kwa ajili ya bustani, vinatosha kurudisha gharama kwa mwenye nayo. Wakulima wa bonde hili waliijua tabia ya ukoka kabla ya kufika kwa bomba la kwanza: hukauka, hulala, na mvua zikirudi huamka.